Walifungwa na watani, wakamaliza wa nne, wakawa mabingwa

Jumamosi ya tarehe 30 Novemba 2024, katika futiboli ya vyuo vya Marekani, Michigan walikwenda Columbus, jimboni Ohio, wakiwa na ushindi mara sita na vipigo vitano. Miezi kumi na moja kabla ya hapo walikuwa mabingwa wa taifa, kwa hiyo msimu huo ulikuwa wa aibu tupu. Wenyeji wao, Ohio State, walikuwa wanashika nafasi ya pili kwa ubora nchini. Walikuwa wamepoteza mechi moja tu, kwa tofauti ya pointi moja, na kikosi chao kilitajwa kugharimu takriban dola milioni 20. Mechi ikaisha Michigan 13, Ohio State 10. Ulikuwa mwaka wa nne mfululizo Ohio State kulazwa na watani wao wa jadi. Michigan wakataka kusimika bendera yao juu ya nembo ya wenyeji katikati ya uwanja, ngumi zikaanza kurushwa, polisi wakanyunyiza dawa ya pilipili, na mashabiki wengi wakalala wakidai kocha Ryan Day afukuzwe.

Siku 51 baadaye kocha huyo huyo alikuwa Atlanta ameinua kombe. Ohio State walikuwa wamewafunga Notre Dame 34-23 na kutwaa ubingwa wa taifa.

Sina kinyongo na Ohio State. Walipofunguliwa mlango wa mtoano wa timu 12 waliingia kwa kishindo: Tennessee 42-17, Oregon 41-21, Texas 28-14, kisha fainali. Hakuna mtu anayejua mchezo huu aliyebisha kwamba mwezi Januari wao ndio waliokuwa bora. Lakini tazama tena fainali ile ilivyokuwa. Upande mmoja ni timu iliyofungwa kwake na Michigan dhaifu, ikamaliza ya nne kwenye msimamo wa konferensi yake, yaani ligi yake, ya Big Ten na hata fainali ya konferensi hiyo haikuicheza. Upande wa pili ni Notre Dame, ambao tarehe 7 Septemba walifungwa kwao 16-14 na Northern Illinois, timu waliyoilipa dola milioni 1.4 ije ipigwe. Hivi ndivyo vipigo viwili vilivyopigiwa kelele kuliko vyote msimu ule, na waliochapwa ndio waliokutana siku ya mwisho.

Wapo wanaosema huo ndio utamu wa mtoano, kwamba kila mtu apewe nafasi ya kujirekebisha. Mimi naona kitu kingine. Futiboli ya vyuo vya Marekani ilikuwa na mizani yake ya kupimia msimu, nayo ilikuwa ujirani: nani anacheza na nani, kila mwaka, kwa sababu wanaishi karibu. Mizani ile imefunguliwa parafujo moja baada ya nyingine ili televisheni ipate mechi inazozitaka. Kilichobaki ni kamati ya watu kumi na watatu inayokaa hotelini Texas kuchagua timu za mtoano na kupangia matokeo bei baada ya mechi kwisha.

Kwa msomaji aliyelelewa na soka, muundo wenyewe unahitaji maelezo kidogo. Chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kiligawa wanachama wake katika madaraja matatu mwaka 1973. Mwaka 1978 Daraja la Kwanza likapasuliwa tena vipande viwili kwa ajili ya futiboli peke yake, na tangu 2006 nusu hizo huitwa FBS, ya wakubwa, na FCS, inayofuata. FBS ilikuwa na timu 134 mwaka 2024. Tofauti ya ngazi hizi ni fedha na idadi ya wanaosomeshwa bure: kwa miaka mingi wakubwa waliruhusiwa kugharamia wachezaji 85, FCS 63, Daraja la Pili 36, na Daraja la Tatu hata mmoja. Hakuna kupanda wala kushuka. Chuo kinaweza kufungwa mechi zote kwa miaka kumi na kikabaki FBS, mradi kina uwanja, bajeti na konferensi inayokipokea.

Konferensi ndiyo ligi yenyewe. Ni kundi la vyuo vilivyokubaliana kucheza vyenyewe kwa vyenyewe, na mwanzoni makubaliano hayo yalifuata reli. Big Ten ilizaliwa mwaka 1896 ikiwa na vyuo saba vya majimbo ya kati, vilivyoweza kutembeleana kwa treni. Timu hucheza mechi 12 za kawaida kuanzia mwisho wa Agosti hadi mwisho wa Novemba, nane au tisa ndani ya konferensi, zilizobaki nje. Hizo za nje ndizo ambako wakubwa hununua wanyonge wa kupasha nao misuli. Wakati mwingine bidhaa humgeuka mnunuzi: Septemba 2007 Appalachian State, timu ya FCS, ililipwa dola 400,000 kwenda Ann Arbor na ikawafunga Michigan, wa tano kwa ubora nchini, 34-32, mbele ya zaidi ya watu laki moja.

Jambo la ajabu zaidi ni kwamba NCAA, inayotoa kombe katika kila mchezo hadi wa kulenga shabaha kwa bunduki, haijawahi kutoa ubingwa rasmi wa FBS. Kwa miongo mingi bingwa alipatikana kwa kura. Wanahabari wa shirika la habari la AP wamepiga yao tangu 1936, makocha tangu 1950, na kura hizo zilipotofautiana nchi ilikuwa na mabingwa wawili. Ilitokea hata mwaka 2003, kompyuta zikiwa tayari zimeingizwa kusaidia: LSU ya Louisiana wakapewa kombe la mfumo rasmi, USC ya Los Angeles wakapewa la wanahabari, na hadi leo kila upande unahesabu lake.

Katika mazingira hayo ya kura na makelele, kitu kimoja kilikuwa kinahesabika kwa vidole: ubingwa wa konferensi. Na hapa ndipo zinapoingia kanda, yaani mafungu ya timu ndani ya konferensi moja.

Hadithi yake inaanzia mahali pasipotarajiwa. Katika miaka ya 1980 konferensi ya Daraja la Pili ya Pennsylvania iliomba ruhusa: ina timu nyingi mno kukutana zote, je, inaweza kujigawa kanda mbili na washindi wa kanda wakacheza mechi moja ya ziada? NCAA ikakubali, kwa sharti kwamba konferensi iwe na timu zisizopungua 12 na kila kanda icheze yote kwa yote. Hakuna aliyejali. Kisha Roy Kramer, kamishna wa SEC, konferensi ya majimbo ya kusini, akausoma mstari ule kwa macho ya mfanyabiashara. Akawaongeza Arkansas na South Carolina, timu zikafika 12, akachora Mashariki na Magharibi, na Desemba 1992 ikachezwa fainali ya kwanza mjini Birmingham. Makocha walinung'unika kwamba amewatengenezea mtego. Alabama walikuwa hawajafungwa, na mechi ya ziada ingeweza kuwanyang'anya ubingwa wa taifa. Ilibaki kidogo inyang'anye kweli. Walikuwa sare 21-21 na Florida pale Antonio Langham aliponasa pasi na kuipeleka hadi mwisho wa uwanja. Alabama wakashinda 28-21, kisha wakawapiga Miami na kutawazwa. Tangu siku hiyo kila konferensi kubwa ilitaka kanda na fainali yake.

Kanda hazikuwa haki tupu, tuseme ukweli. Big Ten walianza na majina ya kuchekesha mwaka 2011, Viongozi na Magwiji, hakuna shabiki aliyekumbuka nani yuko wapi, na mwaka 2014 wakarudi kwenye Mashariki na Magharibi. Mashariki wakawekwa Ohio State, Michigan, Penn State na Michigan State. Fainali kumi zilichezwa kati ya 2014 na 2023, na Mashariki walishinda zote kumi. Mwaka 2018 Northwestern walipoteza mechi zao zote tatu za nje ya konferensi, mojawapo nyumbani kwao dhidi ya Akron, na bado wakatwaa Magharibi. Mwaka 2023 Iowa walifika fainali wakiwa na mashambulizi mabovu kiasi kwamba mkufunzi wa idara hiyo, mtoto wa kocha mkuu, alikuwa amewekewa sharti kwenye mkataba kwamba timu ifikishe wastani wa pointi 25 kwa mechi. Haikukaribia, akaambiwa katikati ya msimu kwamba hatarudi, na timu ikashinda mechi kumi hivyo hivyo kwa ulinzi na mipira ya kupigwa mbali. Fainalini Michigan wakawafunga 26-0.

Mkosoaji akiiona orodha hiyo atasema kanda zife. Lakini muulize mtu wa Iowa City ule msimu ulikuwaje. Kuanzia Oktoba kila Jumamosi ilikuwa na hesabu: tukimfunga huyu, na yule akipoteza kwa jirani, tunakwenda fainali Indianapolis. Hesabu kama hiyo ndiyo inayomleta mtu uwanjani mwezi Novemba kwenye baridi kali. Mfano mzuri kuliko wote ulikuwa kanda ya Coastal ya konferensi ya ACC. Kuanzia 2013 hadi 2019 ilipata mabingwa saba tofauti katika miaka saba, na zilikuwa timu saba: Duke, Georgia Tech, North Carolina, Virginia Tech, Miami, Pittsburgh, Virginia. Kila mmoja zamu yake, kama wamegawana mapema. Wote saba walichapwa kwenye fainali na Florida State au Clemson, na wala haikuharibu kitu. Duke, chuo kinachojulikana kwa mpira wa kikapu, kina bango la mwaka 2013 na hakuna kamati iliyokipa.

Mwezi Mei 2022 NCAA ikalifuta lile sharti la kanda. Ndani ya miaka miwili ACC, Pac-12 ya pwani ya magharibi, Big Ten na SEC zote zilikuwa zimezivunja. Sababu iliyotolewa ni nzuri kuisikia: fainali iwakutanishe wawili bora kweli, bila kubebana. Sababu isiyotolewa kwa sauti kubwa ni kwamba bila kanda ni rahisi kupanga mechi kubwa nyingi za televisheni, na konferensi inaweza kuongezwa timu kutoka popote bila kuuliza ziko upande gani wa nchi.

Ongezeni timu, basi, mtengeneze msimamo mmoja mrefu. Ligi Kuu ya Tanzania Bara ina timu 16 na kila moja inacheza mechi 30, nyumbani na ugenini dhidi ya kila mpinzani, kwa hiyo mwisho wa msimu anayelalamika analalamikia marefa, halalamikii ratiba. Big Ten ina timu 18 na kila moja inacheza mechi tisa za konferensi. Maana yake kila timu haikutani kabisa na wenzake wanane kati ya 17. Msimamo wa namna hiyo unapanga watu waliofanya mitihani tofauti.

Mwaka 2024 tuliyaona matunda yake. Penn State na Indiana walimaliza sawa, ushindi nane na kipigo kimoja, hawakukutana, wote wawili walifungwa na Ohio State, na kanuni za kutenganisha sare zikawapeleka Penn State fainali. Katika konferensi nyingine, Big 12, timu nne zililingana kileleni: Arizona State, Iowa State, BYU na Colorado, zote 7-2. Siku ya mwisho watu walikuwa wanabeba vikokotoo kujua nani anapita kwa kanuni za kutenganisha sare. Arizona State, waliotabiriwa kushika mkia kabla ya msimu, walipita na kuwachapa Iowa State 45-19, hadithi tamu sana. Colorado walikuwa na Travis Hunter, aliyecheza mbele na nyuma na kuchaguliwa mchezaji bora wa nchi, wakaachwa nje kwa hesabu ambazo hata makocha wao wangepata taabu kuzieleza.

Fedha. Hapa chanzo kina tarehe. Hadi 1984 NCAA ndiyo iliyouza haki za televisheni kwa niaba ya wote na kuweka kikomo cha mara ambazo timu moja inaweza kuonyeshwa, ili wakubwa wasimeze kila kitu. Vyuo vya Oklahoma na Georgia vikaenda mahakamani, na Mahakama ya Juu ikaamua kwa kura saba dhidi ya mbili kwamba utaratibu huo unaua ushindani wa biashara. Mmoja wa majaji wawili waliopinga alikuwa Byron White, ambaye ujanani alikuwa nyota wa futiboli katika Chuo Kikuu cha Colorado. Kwa maoni yake, NCAA ilikuwa na haki ya kuulinda mchezo wa vyuo usiendeshwe kwa faida peke yake. Wenzake walimwona wa kizamani. Miaka arobaini imepita na sidhani kama kuna mtu katika chumba kile aliyeona mbali kuliko yeye, ingawa kisheria huenda kweli hakuwa na hoja.

Baada ya hukumu ile konferensi zikaanza kuuza kila moja kivyake, na bei ikawa inategemea nani amekusanya majina makubwa. Juni 2022 USC na UCLA wakatangaza kuhama Pac-12 kwenda Big Ten. Wiki chache baadaye Big Ten ikatangaza mkataba wa miaka saba na televisheni za Fox, CBS na NBC, unaokadiriwa kufikia dola bilioni 7. Pac-12, iliyokuwa na mizizi tangu 1915, ikahangaika mwaka mzima kutafuta mnunuzi. Mwishowe ilikuwa na ofa ya Apple iliyotegemea idadi ya watu watakaojiandikisha kulipia. Colorado walikuwa wameshaondoka. Tarehe 4 Agosti 2023, kwa siku moja, Oregon na Washington wakaenda Big Ten, Arizona, Arizona State na Utah wakaenda Big 12. Stanford na California wakafuata ACC, yaani Konferensi ya Pwani ya Atlantiki, wakati wao wanatazama machweo ya Pasifiki. Waliingia kwa mgawo mdogo wa mapato, na SMU ya Dallas iliyoingia pamoja nao ilikubali kukaa miaka tisa bila kupokea fedha za televisheni za konferensi hiyo. Mtu anayelipa ili aajiriwe anakuambia mengi kuhusu soko.

Wawili waliachwa: Oregon State na Washington State. Hawakuwa wamekosea kitu uwanjani. Miji yao ni midogo na televisheni haikuwahitaji. Ilibidi waende mahakamani kupigania udhibiti wa mabaki ya konferensi yao wenyewe, wakashinda, na wakaanza kuijenga upya kwa kuchukua timu kama Boise State, Fresno State na San Diego State kwa ajili ya msimu wa 2026.

Washington State iko Pullman, mji mdogo katikati ya mashamba ya ngano, na ndipo msomaji wa Afrika Mashariki anapaswa kutega sikio. Henry Rono, kijana wa Kinandi, alikuwa mwanafunzi wa chuo hicho mwaka 1978 alipovunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81: mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000 na mita 3,000. Kabla yake, mwaka 1977, Samson Kimobwa wa chuo hicho hicho alikuwa ameweka rekodi ya mita 10,000. Mtanzania Suleiman Nyambui alipitia mlango wa aina hiyo hiyo huko El Paso, Texas, akatwaa mataji ya NCAA na kisha medali ya fedha ya Olimpiki Moscow mwaka 1980. Vyuo vingi vikubwa vya Marekani havipati faida kwenye riadha. Udhamini wa mkimbiaji kutoka Kapsabet au Singida hutegemea kwa kiasi kikubwa tiketi na televisheni za futiboli. Konferensi ikivunjika, pigo haliishii kwa wavaa helmeti. Juni 2025 Washington State ilitangaza kuondoa michezo ya kurusha na kuruka katika riadha yake, kupunguza mbio fupi, na kubaki hasa na mbio ndefu. Tuseme Wakenya wamenusurika safari hii. Mrusha mkuki aliyekuwa amesajiliwa pale hakunusurika.

Na kwa waliohamia konferensi tajiri, nani anasafiri? Timu ya futiboli inaruka na ndege yake ya kukodi mara tano au sita kwa msimu, siku za mwisho wa juma. Wasichana wa mpira wa wavu wa Los Angeles wanakwenda New Jersey katikati ya wiki ya mitihani kwa sababu Rutgers nao ni Big Ten. Konferensi ilipangwa kwa ajili ya mchezo mmoja, na michezo mingine kumi na tano imefungwa nyuma yake kama tela.

Turudi kwenye kamati. Kabla ya 2024 ilichagua timu nne tu, na dhuluma zake zilionekana kwa macho. Mwaka 2017 UCF ya Florida walimaliza msimu bila kufungwa, wakaachwa, wakawafunga Auburn kwenye Peach Bowl, mojawapo ya mechi za heshima za mwisho wa msimu, wakajitangaza mabingwa na kufanya maandamano yao. Mwaka 2023 Florida State wakashinda mechi zote 13 na kutwaa ACC, lakini kwotabeki wao, mchezaji anayeongoza mashambulizi, Jordan Travis, alikuwa amevunjika mguu, na kamati ikasema timu si ile tena. Nafasi wakapewa Alabama waliokuwa na kipigo kimoja. Kwa hiyo timu ilihukumiwa kwa mechi ambazo bado haijacheza. Wachezaji wengi wa Florida State wakajitoa kabla ya Orange Bowl na Georgia wakawafunga 63-3, na waliowaacha wakasema mnaona? Waliona walichokisababisha wenyewe.

Mfumo wa timu 12 ulikuja kutibu hilo, na sitaubeza wote. Boise State waliingia. Arizona State waliingia na kuwasumbua Texas hadi muda wa ziada wa pili. Mechi za raundi ya kwanza zilichezwa vyuoni, na South Bend, nyumbani kwa Notre Dame, ilipoipokea Indiana mwezi Desemba ilikuwa sherehe ambayo mchezo huu ulijinyima bila sababu kwa zaidi ya miaka mia. Pia si kweli kwamba kila tokeo limepoteza thamani. Oktoba 2024 Vanderbilt waliwafunga Alabama, namba moja nchini, 40-35, wanafunzi wakang'oa nguzo za goli na kuzitembeza mitaa ya Nashville hadi kuzitumbukiza mtoni Cumberland. Kipigo kile kilikuwa kimoja kati ya vitatu vilivyowaacha Alabama nje na SMU wakaingia.

Ila angalia mfumo ulivyoanza kujila mwenyewe. Mwaka 2024 mabingwa wanne wa konferensi walipewa zawadi ya kuvuka raundi ya kwanza bila kucheza. Wote wanne wakafungwa kwenye robo fainali. Badala ya kujiuliza kama mapumziko marefu ndiyo yaliyowaua, wakubwa wakaifuta zawadi yenyewe: tangu 2025 wanaopumzika ni wanne wa kwanza katika orodha ya kamati. Bingwa wa Big 12 anaweza kuanzia ugenini kwa mtu aliyemaliza wa tatu au wa nne SEC. Pia yakaja mapendekezo kutoka Big Ten kwamba yenyewe na SEC zihakikishiwe nafasi nne nne hata kabla mpira haujapigwa.

Kinachoniudhi ni kwamba jibu lilikuwepo chini ya pua zao muda wote. Daraja la Pili na la Tatu wamekuwa wakimaliza misimu yao kwa mtoano tangu 1973, FCS tangu 1978. FCS huingiza timu 24: mabingwa wa konferensi wanaingia kwa haki yao, kamati inajaza nafasi zilizobaki, na kuanzia hapo uwanja unaamua. North Dakota State kutoka Fargo, mji ambao hakuna televisheni ingeuchagua, walichukua mataji kumi katika misimu kumi na minne kuanzia 2011 hadi 2024, na hakuna aliyewahi kuhoji hata moja. Mount Union ya Ohio ina mataji 13 ya Daraja la Tatu, na wachezaji wake hawapewi hata senti ya udhamini wa michezo. Ni wakubwa peke yao, wenye wanasheria na washauri, walioshindwa kupata bingwa bila kikao.

Kwa sasa fedha zimeongeza kasi. Suluhu ya kesi iliyoidhinishwa na jaji Claudia Wilken Juni 2025 inaruhusu kila chuo kuwalipa wanamichezo wake moja kwa moja hadi takriban dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza, 2025-26, na sehemu kubwa inakwenda kwenye futiboli. Naunga mkono vijana walipwe. Kwa miaka mia walizalisha mabilioni wakalipwa chakula na ada. Lakini bili hiyo inawapa viongozi sababu nyingine ya kukimbilia konferensi kubwa zaidi, na kila anayekimbia anamwacha jirani.

Kama ningeulizwa, ningeitenga futiboli na michezo mingine kwanza. Wavu, riadha na kuogelea zirudi kwenye konferensi za karibu, na futiboli iwe na ligi zake. Kisha ningerudisha kanda ndani ya hizo ligi kubwa, ndogo kuliko zamani. Timu 18 za Big Ten zinagawika vizuri katika makundi matatu ya sita: wanne wa Pasifiki pamoja na Nebraska na Iowa, sita za katikati, sita za mashariki. Kila mtu anacheza na watano wa kundi lake, wote, na mechi nne za kuzunguka. Washindi watatu wa makundi na mshindi wa pili aliye bora wanacheza nusu fainali uwanjani kwa aliyefanya vizuri zaidi. Ubaya wake ni kwamba mwaka mwingine kundi moja litakuwa gumu na jingine laini, na Northwestern mwingine atapenya. Nauchukua ubaya huo.

Fox hawataupenda, kwa sababu mechi kubwa kama ya Oregon na Ohio State zitakuwa ngumu zaidi kuzipanga. Mkataba wa Big Ten unamalizika na msimu wa 2029-30, wa mtoano wa taifa na ESPN miaka miwili baadaye, wa SEC 2033-34. Atakayetaka kubadilisha kitu ana nafasi ya kuanza mazungumzo na wa kwanza kati ya hao, na maombi ya wapigaji bei wengine tayari yako njiani.